Doris wa Mchana

Doris alikuwa jirani yetu kule Machame. Kati ya kihamba chao, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, na chetu ulipita mfereji wa maji tu, na tangu utoto tulikuwa tunavukiana bila hata kupiga hodi. Yaliyompata mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinisimulia mwenyewe. Sijayatia chumvi.

Ulikuwa mwaka uliofuata ile mvua ya El Niño iliyosomba madaraja. Mimi nilikuwa nimepoteza nafasi yangu sekondari kwa kuumwa kifua muda mrefu. Doris alifukuzwa shule akiwa kidato cha tatu, kwa sababu ya mimba. Mtoto alizaliwa, akaishi siku chache, akafa. Baba yake Doris, Mzee Filemon, alikuwa mzee wa kanisa. Alichimba kaburi dogo kule migombani kwa mikono yake, akafukia, akaosha jembe mferejini. Kuanzia siku ile hakumsemesha tena binti yake. Hakumpiga wala kumfukuza nyumbani. Alinyamaza tu.

Mama yake Doris alikuwa ameshafariki zamani, na kaka zake walikuwa Dar es Salaam, wanaonekana Krismasi kwa Krismasi. Nyumba ile ilibaki na watu wawili wasio na maneno.

"Akitaka chumvi anainuka kuichukua mwenyewe, hata kama iko mkononi mwangu," aliniambia siku moja tukichota maji. "Jina langu halitaji kabisa. Aikande, kuna siku najiita mwenyewe, nisije nikalisahau."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka huo serikali ilifungua kituo kidogo cha sekondari kwa ajili ya watu kama sisi, walioangukia njiani. Hakikuwa na sare wala kengele. Tulisomea katika nyumba ya zamani ya shamba la kahawa, juu kabisa ya kijiji. Mwenye shamba alikuwa Mgiriki, aliondoka kabla sisi hatujazaliwa, lakini watu waliendelea kuita pale Kwa Mgiriki. Mibuni yake ilikuwa imeachwa bila kupogolewa. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na kila mahali watu waling'oa mibuni wapande nyanya. Ile ya Mgiriki hakuna aliyeigusa. Ilikuwa imesogea mpaka madirishani.

Wanafunzi tulikuwa wachache. Walikuwapo wasichana waliofukuzwa kama Doris, na wengine kama Martin, kijana aliyetoka machimboni Mererani na kikohozi kisichokwisha. Tulipeana nafasi kwenye benchi, tukaazimana kalamu, lakini hatukuzungumza sana. Kila mmoja alikuja na aibu yake asubuhi, akarudi nayo jioni.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Eliakim, alikuwa na tabia moja ya ajabu: hakumwita mtu jina. Asubuhi alipita kati ya madawati akitugusa mabega, mmoja mmoja, kimya. Akitaka mtu ajibu swali alimnyooshea chaki. Tulidhani hajui majina yetu, au hajali kuyajua. Na alitukanya jambo moja tu.

"Ukungu ukishuka, ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Hata sauti ikiwa ya mama yako. Subiri umwone uso."

Hatukumuuliza zaidi. Hata bibi zetu walitukanya hivyo.

Mwezi wa sita tukaletewa mwalimu wa pili, Mwalimu Leodegar, kijana kutoka Songea, mrefu, mwenye sauti nzuri ya kwaya. Alifika wakati Mwalimu Eliakim ameteremka Moshi kutibiwa macho. Siku ya kwanza alifungua madirisha yote. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mibuni, mweupe kama maziwa.

"Nasikia hapa hamwitwi majina," alisema. "Shule zenu ziliwafukuza, zikawasahau. Mimi nitawaita, tena kwa sauti, na kila mmoja atasimama aseme yupo."

Akaanza. Aliita jina, la baba na la ukoo, taratibu, kana kwamba anamtambulisha mtu kwenye harusi. Nakumbuka wasichana walivyonyoosha migongo. Alipoita Doris Filemon, Doris alisimama, akasema "Nipo, Mwalimu," akaketi, kisha akainamisha uso kwenye mikono yake na mabega yakawa yanatetemeka. Ilikuwa furaha. Nilimjua.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa dirishani, nikasikia kitu kingine. Kila jina lililoitwa lilirudi kutoka kwenye kahawa, kwa sauti ya chini. Nilidhani ni mwangwi. Baadaye ndipo nilipofikiri kwamba mwangwi haukawii. Ule ulikawia, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Wiki ileile kahawa ikaanza kutuita.

Wa kwanza alikuwa Martin. Tulikuwa mapumzikoni, tumesimama barazani na vikombe vya uji. Sauti ya mwanamume ikamwita kutoka chini ya mibuni. Martin aliangusha kikombe. Akanong'ona kwamba ile ilikuwa sauti ya rafiki yake aliyefukiwa na kifusi Mererani. Hakuitika. Alikaa chini, akaziba masikio kwa viganja. Siku ya pili hakuja, na baadaye tukasikia yuko Himo anauza mitumba.

Kisha ikawa zamu ya Doris.

Tulikuwa bombani nyuma ya nyumba, yeye na mimi, tunasuuza vikombe. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuuona ukuta. Ikaja sauti. Nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kusoma Biblia mbele za watu.

"Doris. Doris, mwanangu."

Nilimshika mkono. "Usiitike."

"Ni baba."

"Humwoni."

"Doris, mwanangu," ilisema tena. Ilikuwa karibu zaidi.

"Ananiita jina langu, Aikande," alininong'oneza. "Unasikia? Ananiita."

Na kabla sijamziba mdomo akapaza sauti. "Abee, baba!"

Ndege walinyamaza. Maji ya bomba yaliendelea kutiririka, hakuna kingine. Tulisubiri. Hakutokea mtu.

Halafu, kutoka ndani ya kahawa, sauti yake Doris mwenyewe ikajibu, polepole, ikijaribu kila silabi.

"Abee. Baba."

*

Kesho yake asubuhi alinivukia mferejini mapema, macho yakimng'aa. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu tulipokuwa wadogo.

"Baba ameongea na mimi."

Alinisimulia kwa haraka, akipiga jicho nyuma. Alipofika nyumbani jana yake jioni, baba yake alikuwa jikoni, amepika kiburu cha ndizi na maharage. Alimtazama akasema, "Umetoka tena? Kaa ule, mwanangu." Juu ya kigoda palikuwa na jani la isale. Sisi Wachagga tunajua maana yake. Mtu akikujia na jani la isale kuomba msamaha, huwezi kumkatalia, hata angekuwa amekuchomea nyumba. Doris alikuwa ametamani kulichuma mara nyingi, na kila mara aliogopa.

"Anasema nilikuja mchana na jani mkononi. Nikapiga magoti mlangoni, nikalia. Akanisamehe."

"Mchana tulikuwa darasani, Doris. Ulikuwa umekaa na mimi."

"Najua."

"Ukamwambia?"

Alitazama maji. "Ningemwambia nini? Muda wote huu hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Jana nimeulizwa. Aliyeniombea msamaha na awe yeyote. Mimi nimeupokea."

Ningekuwa yeye, labda nami ningeupokea.

Mwalimu Eliakim aliporudi kutoka Moshi alikuta madirisha wazi. Hakugomba. Aliyafunga mwenyewe, moja moja, kisha akamwambia Mwalimu Leodegar mbele yetu kwamba enzi za Mgiriki vibarua waliitwa majina pale kila asubuhi, kwenye ukungu, miaka na miaka. "Kuna kitu humu kilisikiliza mpaka kikajua kuita. Baba yangu alikuwa kibarua hapa. Ndugu yake aliitika. Baba alikuwa hapendi kusimulia yaliyofuata." Mwalimu Leodegar alisema tu, "Nilitaka wajisikie watu, Mwalimu." Na Mwalimu Eliakim akajibu, "Najua, kijana wangu."

Nilimwambia Mwalimu Eliakim kwamba Doris ameitika. Alimwita pembeni, mimi nikiwapo.

"Mwambie baba yako ukweli leo. Kisha ushinde nyumbani mchana. Nafasi yako ikiwa tupu kuna mwenye kuikalia."

"Na akininyamazia tena, Mwalimu?"

Mzee yule alimgusa bega tu. Doris akarudi kwenye benchi lake.

Hakumwambia baba yake.

Zilikuwa siku za furaha mwanzoni, na alizitumia kama mtu anayekula kwa kujificha. Lakini mambo yakaanza kugeuka. Mzee Filemon alimwambia mama yangu, huku akitabasamu, kwamba binti yake siku hizi ana sura mbili. "Mchana ni mchangamfu, ananiimbia zile nyimbo za marehemu mama yake. Jioni anarudi kanuna kama kafiwa." Doris hakujua wimbo hata mmoja wa mama yake. Mama alikufa yeye akiwa ananyonya.

Baadaye akawa hapewi chakula. "Si umeshakula?" baba yake alimwambia. Akawa akisema jambo, mzee anamsikiliza kwa adabu tu, kama mgeni aliyepotea njia. Jioni moja alipoingia, baba yake aliinua taa ya chemli, akaisogeza karibu na uso wake, akamtazama kwa muda.

"Mama, wewe ni binti wa nani hapa?"

Doris aliponisimulia hayo hakulia. Alikuwa amekonda, sauti imekuwa nyembamba. Hata darasani wenzetu walikuwa wameanza kumpita kwenye uji. Hawakuwa na ubaya. Walimsahau tu.

"Twende leo," nilimwambia. "Mchana huu. Mimi na wewe."

Tulimwomba Mwalimu Eliakim ruhusa, naye akasema atatufuata kwa miguu yake ya uzee. Tulishuka kwa njia ya shambani. Ukungu ulikuwa umeteremka mpaka migombani, matone yakidondoka kutoka jani hadi jani. Tulishikana mikono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Tulifika nyuma ya jiko lao. Lilikuwa jiko la mbao, lenye nyufa. Moshi ulikuwa unatoka. Tukasimama.

Ndani Mzee Filemon alikuwa anacheka.

Sikuwahi kusikia kicheko chake kabla ya siku ile. Kilikuwa cha mtu kijana. Alisema kitu kwa Kichagga kuhusu ng'ombe wao wa zamani aliyekuwa mkorofi. Halafu akajibiwa.

Alijibiwa na Doris.

Ilikuwa sauti yake hasa. Ile ya zamani, ya kabla ya kufukuzwa shule, yenye kicheko mwishoni. Nilimtazama Doris aliyekuwa kando yangu. Alikuwa amefumba mdomo. Machozi yanamtiririka.

"Sikia anavyofurahi," alininong'oneza. "Mimi sijawahi kumchekesha hivyo."

Sauti ya ndani ikakatika.

Kisha ikasema, taratibu, upande wetu, karibu kabisa na ubao: "Aikande. Mbona umesimama nje peke yako?"

Sikuitika. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Kwenye ufa, pale palipokuwa na mwanga wa moto, pakawa na giza. Kitu kilikuwa kimesimama pale. Kilikuwa kinatutazama. Hakikuwa kinapumua.

Doris aliniachia mkono. Alizunguka nyumba mpaka mlangoni, akabisha. Nilimfuata, karibu nikitambaa.

"Baba."

Mlango ulifunguka. Mzee Filemon alisimama na kijiko cha mbao mkononi, uso wake bado una kicheko. Alimtazama.

"Shikamoo, baba. Ni mimi. Doris."

Kicheko kilimtoka. "Doris yuko ndani anakula," alisema kwa upole. "Wewe umetoka wapi, mwanangu? Umepotea?"

"Baba, nitazame."

"Nenda nyumbani kwenu kabla mvua haijaanza."

Akafunga. Tulisikia komeo.

Hapo Mwalimu Eliakim alitokea migombani, anahema. Aliona uso wa Doris, hakuuliza. Alikwenda mlangoni, akaupiga kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili. Ubao ukapasuka. Tukaingia wote.

Jikoni alikuwamo mzee peke yake. Vigoda viwili vilikuwa vimetazamana mbele ya moto. Kulikuwa na sahani mbili, na ile ya pili ilikuwa imelambwa ikang'aa. Jiko lile lilikuwa na mlango mmoja tu, ambao sisi ndio tuliouvunja.

Mzee Filemon aligeuka huku na huku. Alitazama nyuma ya kuni. Alitazama darini. "Doris?" aliita. "Doris?"

"Huyu hapa, Filemon," alisema Mwalimu. "Binti yako ni huyu hapa."

Na kweli, alipomtazama safari hii alimtambua. Niliona macho yakimtambua. Nilidhani sasa yamekwisha, kwamba atanyoosha mikono. Badala yake midomo yake ilianza kutetemeka kama ya mtoto.

"Umemfukuza," alimwambia Doris. "Alikuwa anakula. Umemfukuza mwanangu."

Aliketi kwenye kigoda chake, akaugeukia moto, akanyamaza. Doris alipiga magoti nyuma yake, akamwita baba, akamwita tena na tena. Mama yangu alikuja, majirani wengine wakaja. Mzee hakugeuka.

*

Doris aliteremka Moshi kesho yake, kwa shangazi yake anayekaa karibu na hospitali ya Mawenzi. Alijifunza kushona, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu. Akaolewa Arusha na fundi magari, wakapata watoto. Alikuwa akituma salamu nyumbani, na mama alizifikisha, lakini hazikujibiwa. Kituo chetu kilihamishiwa chini, karibu na barabara ya lami. Mwalimu Leodegar aliomba uhamisho. Niliwahi kuonana naye stendi ya Moshi, akaniuliza habari za wenzangu wote bila kumtaja hata mmoja kwa jina.

Mzee Filemon aliishi peke yake miaka mingi. Mchana aliacha mlango wa jiko wazi. Waliopita njiani walisema wanamsikia akiongea. Kama alijibiwa, hakuna aliyesimama kusikiliza.

Aliugua, wanawe wakaja wakamteremsha hospitali mjini, akakaa huko majuma kadhaa, akafa. Nyumba ilifungwa kwa kufuli muda wote huo. Funguo alikuwa nazo mama yangu.

Doris alikuja kuzika. Alikuwa amenenepa, mama wa watu, na alisimama kaburini akiwa mtulivu kuliko kaka zake. Watu walimpa pole. Bibi mmoja wa ng'ambo ya mto alimshika mikono yote miwili, akamwambia, "Mungu akubariki, mwanangu. Umemtunza baba yako vizuri. Kila nikipita nilikusikia ukimwimbia."

Doris alisema, "Asante, bibi."

Baada ya mazishi alitaka kuiona nyumba. Nilimsindikiza. Tulizunguka nyuma, upande wa migomba, na hapo tukasimama wote wawili.

Kwenye kamba palikuwa na gauni la kitenge limeanikwa. Lilikuwa limefuliwa. Maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye pindo, na chini yake udongo ulikuwa umelowa.

Doris alilisogelea. Alishika kiuno cha gauni lile, akaligeuza ndani nje kama fundi anavyofanya. Alipitisha kidole kwenye mishono.

"Limeachiwa," alisema kwa sauti ya chini. "Limefumuliwa pembeni mara tatu, likaongezwa upana."

Alilipima mbele ya mwili wake, kuanzia bega hadi bega, kisha kiunoni.

Lilimkaa sawasawa.